Chokaa

Miaka kumi na mmoja madeni yangu yalikaa ukutani,
nyuma ya mlango, kwa kipande cha mkaa.
Kijistari ni mkate mmoja wa mofa.
Mkia wa paka ni wiki nzima.
Duara ni Famau kinyozi,
sindano ni Shekuwe wa kofia za vito,
masikio mawili marefu ni Kombo,
naye kila akijiona pale hucheka,
akauliza mbona punda hana deni lake mwenyewe.

Kisha mwenye nyumba, Mungu amlipe heri,
akapaka chokaa siku tano kabla ya Maulidi,
wageni wasije wakaona masizi.
Nilirudi na unga wa mtama
nikakuta ukuta mweupe kama sanda.
Hakuna paka, hakuna punda.
Nikakaa kizingitini, mfuko mapajani,
na sikulia.
Unga ukilowa ni hasara.

Alhamisi ni siku ya chama.
Tunakutana ukumbi wa madrasa, Langoni, baada ya alasiri,
watu kumi na saba na feni moja inayozunguka ikipenda.
Mwalimu ni Nuswaiba, rika la mwanangu wa tatu.
Huchora mstari katikati ya ubao:
huku kilichoingia, huku kilichotoka.
Mimi hukaa nyuma, karibu na viatu,
nikisema macho yananisumbua.
Macho haya hutunga uzi kwenye sindano usiku.

Siku ile akauliza, nani ana swali?
Nikasema, bila kusimama:
Kilichopakwa chokaa kinaandikwa upande gani?

Walicheka. Halafu wakaelewa.
Famau akawa wa kwanza, kitana bado sikioni:
"Mimi ni mikate ishirini na miwili."
Shekuwe akahesabu kwa vidole, akarudia,
akasema thelathini, na shika kofia hii iwe rehani.
Kadzo wa mchicha alisema miwili tu,
ila ile miwili ilimvusha siku mbili.
Kombo: "Arobaini kasoro mmoja.
Na punda naye aandikwe."

Nuswaiba akaandika yote,
kisha akanipa chaki.
"Sasa jumlisha wewe."
Nilipita katikati yao kama bibi harusi asiyetaka.
Mkono ukaenda wenyewe upande wa kulia wa ubao,
kama tulivyozoeshwa chuoni kusoma alifu na be,
na aibu ikanipanda shingoni: nimekosea upande,
sasa wote wamejua.
"Hapo hapo," akasema Nuswaiba.
"Kujumlisha huanzia kulia."
Kumbe nusu ya hesabu nilikuwa nayo tangu utotoni
na hakuna aliyeniambia.

Jumla, mikate mia na arobaini na mitatu.
Kwa kumbukumbu yangu ukuta haukufika mia na thelathini.
Ama mimi ni mwandishi mbaya,
ama watu wana kumbukumbu kuliko mkaa.

Mmoja hakusema. Simtaji.
Asubuhi hupita mbio, akisalimia viatu vyake.
Nimemwachia ukurasa mtupu.

Sasa nina daftari, jalada la buluu, kurasa tisini na sita.
Ukurasa wa kwanza tu ukanichongea:
kuni zilikuwa zinakula shilingi mbili kwa kila mkate.
Miaka kumi na mmoja nikiulisha moto, nikijiona nalisha wanangu.
Chama kikanikopesha elfu nne,
tukanunua kuni kwa shehena, mimi na Mwanamize wa visheti,
tukagawana hadi vibanzi,
tukagombana kwa gogo moja,
tukapatana.

Usiku nikifunga mofa huwasha taa na kuandika.
Famau nimeliandika kwa herufi.
Shekuwe pia, ingawa wau inanishinda.
Na Kombo nimeliandika, kubwa, bila kuomba msaada,
kisha nikatazama mlangoni kama kuna mtu,
nikaliongezea masikio mawili.